Bao Lililokataliwa Maringo

Mutua, mume wangu mdogo,

Watu wakianza barua huulizana hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu mchana huu huu nimekuona ukikwangua sufuria yangu ya muthokoi mpaka ikalia. Mtu anayekula hivyo ni mzima. Na mimi ni mzima, maana nimekugombeza na sauti haikukatika.

Umeenda kuaga wenzako, nami nimemwita Mama Halima wa mlango wa pili aje aniandikie. Unajua mimi kalamu sikuishika. Shule ilikuwa ya kaka zangu, mimi nilipewa mbuzi. Mama Halima alisoma mpaka darasa la saba kule Pumwani na mwandiko wake unanyooka, ila ana tabia ya kunirekebisha. Nimemwambia, "Andika ninavyosema, usiniwekee adabu ambayo sina." Anacheka, lakini ameandika.

Barua hii utaikuta chini ya mashati. Usiifungue hapa nyumbani. Ifungue basi likishapita Mtito Andei, njia ya pwani, mahali ambapo huwezi kuteremka ukarudi kubishana na mimi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutokopesha wageni, ya wasichana wa pwani, hayo sitayagusa. Umeyasikia mpaka umechoka, na kama hukuyashika ukiwa hapa hutayashika kwa karatasi. Nataka kujibu neno moja tu. Juzi ulikuwa umekaa mlangoni ukipiga viatu rangi, ukaniambia mimi nyanya yako bila kuinua kichwa, "Susu, mimi na mpira tumemalizana. Kibendera sishiki tena maishani. Tazama vile nimekuharibia." Nikanyamaza. Na wewe unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa refu na ugali ulikuwa unaungua.

Sasa jibu ni hili, na nitalianzia mbali.

Wewe na vijana wenzako mnaniita mtu wa zamani. Sawa. Mimi ni mtu wa zamani na sioni haya. Ninaamini mkubwa akisimama kusema, mdogo anyamaze kwanza, halafu akitaka kupinga apinge akiwa amevaa shati. Ninaamini mchezaji akifunga bao arudi katikati, acheze. Zamani walikuwa wanapeana mkono tu, kama watu waliomaliza kupakia mzigo. Siku hizi mtu akifunga anakimbia kama ameibiwa, anabingirika, anavua jezi mbele ya mama za watu, na nywele zenyewe zimepakwa mafuta yanadondoka kama ya nyama kwenye jiko. Timu zenyewe zilikuwa na majina ya makabila, serikali ikasema majina hayo yaondoke. Yakaondoka kwenye ubao, yakabaki kwenye matusi. Hata hivyo nasema ilikuwa amri nzuri. Afadhali tutukanane kwa mdomo kuliko tuandike matusi ubaoni tuyaite jina la timu.

Na siasa pia, hujawahi kunipata nimejificha. Nimesimama na Mheshimiwa diwani wetu tangu alipokuwa hana gari. Mfereji ule ambao wewe uliogea ukiwa mtoto, yeye ndiye aliyeuleta. Kabla yake tulikuwa tunapanga madebe alfajiri na kupigana vikumbo. Ninyi mmezaliwa mkakuta maji yanatoka, mnafikiri maji yana akili ya kujileta. Ndiyo maana sipendi mtu wa kubadilisha viongozi kama anabadilisha kanga.

Hata huu mlolongo wa kupiga kura ambao wenzako wanaulalamikia, mimi niliupenda na bado naupenda. Nitakwambia kwa nini, maana hujawahi kuniuliza. Zamani kwa karatasi, mtu ambaye hajui kusoma alikuwa anaingia pale ndani anamnong'onezea karani: nataka yule wa taa, nataka yule wa jembe. Karani kijana, meno yake nje, anaandika anachotaka yeye. Ulikuwa unatoka hujui kura yako imekwenda wapi. Unatoka kama mtu aliyekojoa gizani. (Mama Halima amekataa kuandika hilo. Nimemwambia aandike.) Kwa mlolongo nasimama kwa miguu yangu mwenyewe, nyuma ya picha ya mtu wangu, na mwenye digrii anasimama nyuma yangu, na sote wawili ni kichwa kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilihesabiwa sawa na karani. Wewe uliyesoma huwezi kujua utamu wa jambo hilo.

Haya. Sasa nikwambie juu ya babu yako.

Unalibeba jina lake, ndiyo sababu nakuita mume wangu, lakini wewe hukumjua. Alikuwa mchongaji pale Gikomba, mtu wa mikono mizuri na hasira mbaya, na hasira yote alikuwa anaiweka Jumamosi kwa ajili ya mpira. Siku moja timu yake ilifungwa kwa penalti uwanja ule wa Barabara ya Jogoo. Mimi nilikuwa nyumbani, mama yako yuko mgongoni. Nikamwona babu yako anaingia, shati limechanika, anacheka kama bwana harusi, na mkononi ana kiatu kimoja cheusi.

"Hicho nini?"

"Cha refa!"

"Na mguu uko wapi?"

"Alikimbia nao."

Alitaka kukitundika ukutani. Kabisa, alikuwa anatafuta msumari. Nikamwambia, hiki kiatu hakilali hapa. Tukabishana mpaka majirani wakazima redio watusikie vizuri. Kesho yake baada ya kanisa nikamshika mkono tukaenda kuuliza nyumba kwa nyumba, maana refa mwenyewe tulisikia anakaa Ziwani, anafanya kazi ya kupanga barua posta. Tulimkuta ameketi nje kwenye kigoda anafua nepi. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Jicho moja limevimba. Mguuni alikuwa amevaa malapa.

Babu yako akasimama pale na kiatu, hajui pa kukiweka. Refa akamtazama, akatazama kiatu, akasema, "Ndugu yangu, ilikuwa penalti."

Babu yako akasema, "Haikuwa."

"Mlimkanyaga."

"Alijiangusha."

Wakabishana pale juu ya karai la nepi mpaka mke wa refa akatuletea chai. Tuliondoka hawajakubaliana. Lakini kuanzia siku ile babu yako hakumgusa refa tena. Alikuwa anawatukana tu, kama Mkristo. Na mimi kuanzia siku ile nikashika neno langu: refa akipiga filimbi, imepigwa. Akosee, asikosee, mchezo unaendelea. Yule ni mtu anayerudi nyumbani kufua nepi.

Kwa hiyo wewe ulipokuja kuniambia umechaguliwa kusomea urefa, wenzako wote wanataka kuwa namba tisa, mimi nilifurahi kuliko ulivyoona. Nilikwambia tu, "Basi usirudi na kiatu kimoja." Hukuelewa. Sasa umeelewa.

Mchezo wenyewe wa fainali, Kombe la Mheshimiwa, tuseme yote, kwa sababu wewe ulikuwa ndani, mshika kibendera, na mimi nilikuwa nje, na kuna mambo ambayo aliye ndani haoni.

Mheshimiwa alikuwa anataka kombe libaki hapa kwetu Maringo, kura ziko mlangoni. Alikuwa amewapa vijana wetu jezi mpya zenye sura yake kifuani. Kikundi chetu cha kina mama tulikuwa tumeimba tangu saa ya kanisa kutoka, mimi nikiwa mbele kama unavyonijua. Vijana wa Jericho, wapinzani wetu wa ng'ambo ya barabara, waliingia kwa lango kama watu. Wetu wakakataa lango. Wanasema mtu amemwaga kitu pale. Basi timu nzima, jezi mpya na yote, ikaruka ukuta wa nyuma. Golikipa alikwama juu akasukumwa matakoni. Mimi nikamwambia Syombua aliyekuwa karibu nami, "Tumeshindwa tayari. Watu wanaoogopa lango watafunga wapi?"

Na lile ambalo wewe hukulijua siku ile, nimekuja kulijua baadaye kutoka kwa mama yake yule kijana wetu mshambulizi, yule Kioko. Kuna mganga aliletwa. Akafukia kitu chake chini ya mlingoti wa goli, upande wa kushoto, akamwambia Kioko, kipindi cha pili usitoke karibu na mlingoti huu, mpira utakuja wenyewe. Kwa hiyo uliona, Mutua, na sisi wote tuliona, kijana amesimama kule mbele peke yake kama mtu anayengoja basi. Beki wa Jericho wanapanda, yeye amebaki. Wanarudi, wanamkuta pale pale. Mimi nilifikiri anaumwa.

Na mpira ukaja kweli! Dakika za mwisho kabisa, bila kwa bila, ukapigwa mrefu kutoka kwetu, ukapita juu ya watu wote, ukamwangukia mguuni. Akausukuma tu. Bao.

Mimi niliruka. Sikufichi. Na goti langu hili, niliruka nikamkumbatia Syombua, kitambaa cha kichwa kikaanguka, nikapiga kigelegele mpaka koo likauma. Mheshimiwa alikuwa amesimama chini ya turubai mikono juu. Halafu nikaona watu wananyamaza, kutoka upande wako, kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha bati. Nikageuka. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mstari, mkono juu na kile kibendera.

"Ameotea!" mtu akasema. "Kijana anasema ameotea!"

"Kijana gani?"

"Wa Susu!"

Walikupigia kelele zote ambazo Mungu aliwapa. Nunua miwani! Umekula ya Jericho! Mwizi! Mtu mmoja alikutupia muwa uliotafunwa ukakupiga shingoni. Refa akaja kwako mkazungumza, na wewe mkono hukuteremsha. Nilikutazama ule mkono. Nilikuwa nakuombea uteremshe, nikwambie ukweli. Nilisema kwa Kikamba, kimoyomoyo, mwanangu teremsha, tuende nyumbani. Hukuteremsha. Bao likakataliwa, Jericho wakatufunga kwa penalti, na kombe la Mheshimiwa likapakiwa kwenye mkokoteni wa makaa likavuka barabara.

Mganga hajui sheria ya kuotea. Huyo ndiye aliyetufunga. Lakini nenda umwambie mtu wa Maringo.

Siku iliyofuata wazee walikuja nyumbani. Ulikuwepo, lakini uliambiwa utoke nje, kwa hiyo hukusikia. Walikuja na sukari, na unga, na lugha tamu. Wakaniambia Mheshimiwa hana kinyongo. Kijana ni mtoto wetu. Anachotaka ni kitu kidogo: siku ya mlolongo kijana aje asimame mbele kabisa, wa kwanza nyuma ya picha, watu wote wamwone, na maneno yatakwisha. Mimi nikaona ni jambo la adabu. Umewavunja moyo watu wa nyumbani kwako, unakwenda unasimama nao, mnakula, mnasahau. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nikawaambia, atakuja.

Nilipokwambia, ulinijibu kwa upole. Ndicho kilichoniudhi, ule upole. Ulisema, "Susu, kura yangu nitaipeleka ninakotaka. Na nikisimama pale mbele, watu watasema nimekiri. Sikukosea. Kioko alikuwa peke yake."

Nikakuita mkaidi. Nikakuita mtoto wa mji. Nikakwambia una kichwa cha babu yako. Nilikuwa nakuomba uende ukaseme kwa miguu kwamba jicho lako lilidanganya, na mimi mwenyewe nikiita hiyo heshima. Nimelitafakari sana. Heshima ninayoijua mimi ni ya kumnyamazia mkubwa akiongea. Sikufundishwa kwamba ni ya kumwambia mkubwa ameona kile ambacho hakuona. Hizi mbili nilizichanganya, na katika umri wangu sikutegemea kuzichanganya. Lakini siku ile sikulijua hilo, nikalala nimekugeuzia mgongo.

Sasa ile siku ya mlolongo. Wewe ulikwenda kwenye mstari wa yule fundi wa reli aliyempinga Mheshimiwa, na bado nasema ulikosea. Yule fundi ana maneno mengi na hajawahi kuleta hata bomba moja. Lakini ni mguu wako. Ulikuwa nyuma kabisa, mstari wenu ulikuwa umepinda kona ya choo cha shule, ukapita ukuta, mwisho wake sisi wa mbele hatukuuona. Ndiyo maana hukuona kilichotokea, ukasimuliwa na watu, na watu wameongeza chumvi. Wengine wanasema nilimpiga afisa. Sikumpiga mtu. Acha nikupe ilivyokuwa.

Nilikuwa karibu na mbele, nyuma ya picha ya Mheshimiwa, na kikundi chetu chote cha kina mama. Karani akapita anatugusa bega akihesabu. Akafika mwisho upesi. Nikageuka kutazama, nikamwona mtu wetu wa mwisho vizuri kabisa, ni yule muuza mitumba mwenye kofia nyekundu, anapiga miayo. Nikajisemea, leo tumeshindwa. Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyokwambia jioni bila wewe kucheka.

Afisa akapanda kwenye dawati, akashika kipaza sauti, akasema Mheshimiwa ameshinda.

Mutua, kwanza watu hawakupiga kelele. Hata wetu. Walitazamana. Halafu Syombua akapiga kigelegele, wengine wakafuata, wakanisukuma mgongoni, "Anzisha wimbo, Susu! Anzisha!" Mimi ndiye wa kuanzisha, unajua. Nikafungua mdomo niimbe, nikaufunga tena.

Unafikiri nilifikiria nini? Sikufikiria haki ya nchi. Sikumfikiria yule fundi wako, shauri yake. Niliuona ule mkono wako. Watu wote wanakuzomea, kapi la muwa liko shingoni, na nyanya yako mwenyewe kule ng'ambo anaomba uushushe, na mkono uko juu.

Nikasema, "Ngoja kwanza."

Afisa akasema, "Nini, mama?"

"Mimi niko kwenye mstari huu. Wa mwisho wetu ni yule mwenye kofia nyekundu, namwona na macho yangu ya uzee. Ule mwingine umepinda choo."

"Mama, kazi ya kuhesabu ni yetu."

"Na ya kuona ni ya nani?"

Watu wakacheka, wa mstari wenu. Afisa akashusha kipaza sauti, akaniinamia kama anayesema na mgonjwa. "Mama, si wewe ni wa Mheshimiwa?"

"Ni wa Mheshimiwa."

"Basi umeshinda. Unataka nini tena?"

"Nataka nishinde vizuri. Kama si vizuri, nishindwe."

Syombua akanivuta kanga. "Susu, umerogwa na yule kijana wako? Nyamaza!" Nikamwambia aache nguo yangu. Nikatoka mstarini, nikasimama kando, mahali ambapo mtu yeyote angeniona. Sikwenda kwenye mstari wa fundi. Wengine wanasema nilihama. Uongo. Nilisimama peke yangu katikati, kama Kioko. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa nimefukiwa kitu.

Na haikusaidia. Nakwambia ilivyo. Askari walikuja wakasema watu waende nyumbani. Mheshimiwa ni diwani mpaka leo, na maji bado yanatoka. Kikundi kimechagua mwimbishaji mwingine, yule Syombua, ambaye sauti yake ni kama mlango wa stoo. Kibanda changu cha mboga kiliambiwa kisogee mpaka kule nyuma, ambako hata mbwa hapiti. Siku kadhaa watu hawakunisalimu kwenye mfereji, na wewe ukawa unaenda kuteka maji badala yangu, ukifikiri sijui kwa nini.

Halafu wakaja wale vijana wenzako wenye ndevu, kuniita shujaa. Wanataka niseme kwenye mkutano wao wa siri. Niliwafukuza na ufagio. Niliwaambia mimi si wa kwenu. Mimi ni wa Mheshimiwa, na akiniuliza nitamwambia usoni kwamba siku ile aliniibia, maana ni mtu wangu ndiyo sababu nina haki ya kumwambia. Akisimama tena na akahesabiwa vizuri, nitasimama nyuma yake. Mama Halima anasema huo ni wazimu. Yeye alikuwa kwenye mstari wa fundi, amwandikie fundi barua.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Ulisema umeniharibia. Umekuwa ukitembea nyumba hii kama mtu aliyevunja chombo. Umekubali kazi ya stoo huko kwenye kiwanda cha saruji mbali na watu wote unaowajua, na nilipokuuliza kwa nini huko, ulisema nitapumzika usumbufu wako. Mimi sikuomba kupumzishwa! Kazi ni nzuri, nenda, mwanamume afanye kazi. Lakini usiende kama mtu anayefukuzwa, na usiseme ni kwa ajili yangu. Kibanda nilikipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mdomo huo ni wangu, nimekaa nao tangu kabla mama yako hajazaliwa, usininyang'anye. Kwa miaka yote nimekuwa nikiimba pale ninapoambiwa niimbe, na nimeimba vizuri. Siku moja nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeona mtoto niliyemlea anafanya hivyo kabla yangu. Sasa unataka kuniambia ulichokifanya kilikuwa kosa? Basi na mimi nilikosea. Ukitupa kibendera, umenitupa na mimi.

Umeniambia mwenyewe huko pwani kuna chama cha marefa, wanakutana Jumamosi. Jumamosi ya kwanza utasema umechoka na safari. Nenda umechoka hivyo hivyo. Uandikishe jina. Watakutukana na huko, tena kwa Kiswahili kizuri zaidi. Siku nyingine utakosea kweli, utainua mkono mahali ambapo hapakuwa na kitu, na hilo utalibeba pia, utakwenda nyumbani utafua nguo zako. Sikuombi uone kila kitu. Hakuna anayeona kila kitu, hata mimi kofia ya yule muuza mitumba nimeanza kuambiwa ilikuwa ya kahawia. Nakuomba tu ulichokiona usikitoe kwa ajili ya sukari, wala kwa ajili ya kelele, wala kwa ajili ya nyanya.

Kesho kituoni sitasema lolote katika haya. Kutakuwa na watu, na Syombua atakuwa pale kutazama kama nitalia. Nitakupa mkono kama mzee, nitakwambia ufunge kifungo cha shati, nitasema dereva aendeshe polepole. Ukiniona nimekukazia uso, usidhani bado nina hasira ya ile siku. Uso ndio huo nilio nao. Panda basi, ukae upande wa dirisha, usigeuke sana, maana ukigeuka nitaharibu kila kitu.

Mama Halima amechoka mkono, na chai yake imepoa. Anakusalimu. Anasema alikuwepo uwanjani, upande ule ule wa kwako, na Kioko alikuwa amewapita wote hatua mbili nzima. Nimemwambia ni tatu.

Lile bao lilikuwa tamu, Mutua. Nikilikumbuka mpaka leo goti linataka kuruka. Lilikuwa tamu sana, na ulifanya vizuri kulikataa.

Ni mimi, mke wako mkubwa,
Susu Kalondu